"Everyday" au "every day"? Mwongozo kwa anayeanza kuandika Kiingereza

Katika maswali yote ninayoulizwa na watu wanaoanza kuandika Kiingereza, hakuna linalorudi mara nyingi kama hili: "kila siku" huandikwa neno moja au maneno mawili? Jibu fupi ni kwamba maandishi yote mawili yapo, yote mawili ni sahihi, na hayana maana moja. "Every day", yakiwa yametengana, ni "kila siku" ile tunayoijua, yaani hueleza tendo linafanyika mara ngapi. "Everyday", likiwa limeungana, ni kivumishi chenye maana ya "-a kawaida", cha kutajia kitu kisichotengwa kwa ajili ya shughuli maalumu. Programu ya kukagua tahajia mara nyingi haitakuokoa hapa, kwa sababu inayatambua yote mawili kuwa ni tahajia sahihi; mstari mwekundu hautokei, na kosa linapita kimya hadi kwa msomaji.

Mimi mwenyewe nilipita njia hiyo. Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi kwa Kiingereza ilikuwa na sentensi "I use this program everyday", na mtu niliyempa aisome kabla sijaituma alichukua penseli akachora mstari mmoja mwembamba wa kusimama kati ya herufi "y" na "d", kisha akanirudishia karatasi bila neno. Nilikaa na ile karatasi kwa muda kabla ya kutambua kwamba mstari ule ulikuwa ukiniambia nitenganishe.

Kitu ambacho sikuambiwa wakati huo, na ambacho ndicho kiini cha mwongozo huu, ni kwamba anayefikiri kwa Kiswahili ana kipimo tayari kichwani mwake. Sarufi yetu ina a-unganifu, yaani "ya", "wa", "vya", "cha" na wenzake, na kipimo hicho kidogo hutatua sehemu kubwa ya tatizo kabla hujafungua kamusi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta sentensi kama kumi ulizoandika wewe mwenyewe, ziwe za barua pepe, za ripoti au za ujumbe wa simu, zenye "every day" au "everyday". Sentensi za kitabuni hazifai kwa zoezi hili, kwa kuwa zimekwisha kusahihishwa na hazitakuonyesha kosa lako. Uwe pia na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya karatasi au ya kwenye simu, kwani kamusi ndogo za tafsiri hukupa maana ya neno na kukuacha bila kujua neno hilo hukaa wapi katika sentensi. Kalamu na karatasi ni vya lazima, maana hatua kadhaa zinakutaka uandike sentensi upya. Sarufi unayohitaji ni ndogo tu: uweze kutambua nomino na uweze kutambua kitenzi.

Hatua kwa hatua

1. Andika sentensi nzima na uache nafasi tupu mahali pa neno lenye utata. Usijaribu kuamua huku neno likiwa peke yake, kwa sababu peke yake halina jibu. Tutatumia sentensi hizi mbili: "I wear these shoes ______" na "These are my ______ shoes".

2. Iseme sentensi hiyo kwa Kiswahili, kisha usikilize kama a-unganifu imejitokeza mbele ya "kila siku". Sentensi ya kwanza inakuwa "Ninavaa viatu hivi kila siku". Hapa "kila siku" imesimama yenyewe, haikufungwa kwenye kitu, na kazi yake ni kueleza kitenzi "ninavaa". Kwa hiyo tunaandika maneno mawili: "I wear these shoes every day". Sentensi ya pili inakuwa "Hivi ni viatu vyangu vya kila siku". Hiyo "vya" ndiyo ishara yetu. Imeishika "kila siku" na kuifunga kwenye "viatu", na kuanzia hapo "kila siku" haielezi tena tendo, inaeleza nomino. Kwa hiyo tunaandika neno moja: "These are my everyday shoes". Jaribu na nyingine: maisha ya kila siku ni "everyday life", lugha ya kila siku ni "everyday language", matatizo ya kila siku ni "everyday problems". A-unganifu itabadilika kufuata ngeli ya nomino, lakini kazi yake inabaki ileile. Kiingereza hakina kifaa cha namna hiyo kwa neno hili. Kile tunachokifanya sisi kwa "vya", wao wanakifanya kwa kuondoa nafasi kati ya maneno na kuliweka neno lililopatikana mbele ya nomino.

3. Tazama jirani wa kulia. "Everyday" karibu kila mara hufuatwa na nomino, ama moja kwa moja au baada ya kivumishi kingine, kama katika "everyday household items". Ikiwa nafasi yako tupu iko mwishoni mwa sentensi, na baada yake kuna nukta tu, basi unaweza kuandika maneno mawili bila wasiwasi mkubwa. Lakini usiigeuze kanuni hii ikawa kwamba kila penye nomino upande wa kulia paungane, kwa maana huo ndio mtego unaowanasa hata waliokwisha kuelewa hatua ya pili. Linganisha "Every day people ask me this question" na "Everyday people ask me this question". Neno "people" lipo katika zote mbili, na zote mbili ni Kiingereza safi. Ya kwanza inasema kwamba kila siku watu huniuliza swali hili. Ya pili inasema kwamba wanaoniuliza ni watu wa kawaida, si wataalamu wala wakubwa, na haisemi kitu kuhusu wananiuliza mara ngapi. Nafasi moja tupu imehamisha maana kutoka kwenye wakati na kuiweka kwenye watu. Ukikutana na sentensi ya namna hii, rudi hatua ya pili na uamue ulitaka kusema nini. Na ukichagua "every day" mwanzoni mwa sentensi, weka mkato baada yake ili msomaji asijikwae.

4. Penyeza neno "single" katikati. "I wear these shoes every single day" inakubali vizuri, kwa hiyo maneno yalikuwa mawili tangu mwanzo. "My every single day shoes" inavunjika mdomoni, kwa hiyo lilikuwa neno moja, na neno moja halipasuliwi katikati ili kuingizwa jingine.

5. Badili "day" iwe "week". Kiingereza hakina "everyweek", "everymonth" wala "everyyear", kwa hiyo sentensi inayokubali "every week" bila kuharibika inakuonyesha kwamba unashughulika na maneno mawili. "I wear these shoes every week" inasimama. "My every week shoes" haisimami. Nasisitiza pia kwamba "every time" hubaki maneno mawili katika maandishi rasmi, ingawa wengi huyaunganisha kwa kuiga "everyday".

6. Ikiwa majaribio yamekuelekeza kwenye neno moja, usiandike bado; jiulize kama neno unalolitaka ni "everyday" au ni "daily". Hapa ndipo a-unganifu inapotuangusha, kwa sababu Kiswahili chetu husema "viatu vya kila siku" na "ripoti ya kila siku" kwa umbo moja, wakati Kiingereza kinazitenganisha. "Daily" huhesabu: kitu kinatokea, kinatoka au kinatumika mara moja kwa siku, siku baada ya siku. "Everyday" haihesabu, inaeleza tabia ya kitu, kwamba ni cha kawaida. Viatu vyangu vya "everyday" vinaweza kukaa kabatini Jumamosi na Jumapili na bado vikaitwa hivyo, lakini ripoti ya "daily" isipoandikwa siku mbili imekwisha kupoteza haki ya jina lake. Njia nyepesi ya kupima ni kuweka "-a kawaida" mahali pa "-a kila siku". Viatu vya kawaida: maana imebaki, andika "everyday shoes". Ripoti ya kawaida: maana imekimbia, andika "daily report". Kwa kipimo hichohicho utaandika "daily newspaper" kwa gazeti linalotoka kila siku na "daily dose" kwa kipimo cha dawa cha siku. Katika "maisha ya kila siku" utakuta "everyday life" na "daily life" zote zikitumika. Mimi huchagua ya kwanza ninapozungumzia ukawaida wa maisha na ya pili ninapozungumzia ratiba yake.

7. Isome sentensi kwa sauti. Katika "everyday" inayotangulia nomino, mkazo mzito uko mwanzoni, kwenye "ev". Katika "every day", neno "day" linapata mkazo wake kamili na husikika kuwa zito zaidi. Ni tofauti ileile iliyopo kati ya "greenhouse", nyumba ya kuoteshea mimea, na "green house", nyumba yoyote iliyopakwa rangi ya kijani. Sisi tuliozoea kuweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho huchelewa kuisikia, kwa hiyo usikate tamaa na jaribio hili. Lichukue kama shahidi wa ziada, si hakimu.

8. Pitia andiko zima kwa kutumia sehemu ya kutafuta maneno katika programu unayoandikia. Tafuta kwanza "everyday" na utazame jirani wa kulia wa kila moja, kisha tafuta "every day" na uulize kama palihitajika a-unganifu. Usitumie kamwe amri ya kubadilisha zote kwa mpigo mmoja, maana itasahihisha makosa matatu na kuzaa mengine matano.

Neno kidogo kuhusu asili, kwa sababu linasaidia kukumbuka. Kivumishi "everyday" kilianza kutumika katika karne ya 17 kwa nguo: zile za siku za kawaida, kinyume na zile zilizotunzwa kwa ajili ya Jumapili na sikukuu. Kwa lugha yetu, ni zile nguo za kushindia, zikilinganishwa na nguo za kutokea. Ukiwa na shaka, fikiria nguo za kushindia: neno linalozieleza limeungana.

Makosa yanayoonekana mara nyingi

Kosa linaloongoza ni lile la barua yangu, la kuunganisha mwishoni mwa sentensi: "We are open everyday", "I pray everyday", "She calls me everyday". Utaliona kwenye mabango na matangazo, hata yale yaliyoandikwa na watu waliozaliwa na Kiingereza, na wingi wake huwafanya wanafunzi wadhani kwamba kanuni imebadilika. Katika barua ya kazi, mtihani au ripoti, liandike likiwa limetengana.

Makosa mengine hayahusu nafasi kati ya maneno, bali yanatokana na kuisafirisha "kila siku" pamoja na tabia zake za Kiswahili. Neno letu "siku" halibadiliki katika wingi. Tunasema siku moja na siku nyingi, na hapo ndipo "every days" inapozaliwa. Baada ya "every" neno "day" hubaki katika umoja, na kivumishi "everyday" nacho hakichukui "s" hata nomino yake ikiwa ya wingi: "everyday clothes", si "everydays clothes".

Linalofuata ni zito zaidi, nalo ni la wakati wa kitenzi. Kiambishi chetu "-na-" hubeba mambo mawili: "ninakwenda kazini" inaweza kuwa niko njiani sasa hivi, na inaweza kuwa ndiyo desturi yangu. Kiingereza hakichanganyi hayo, na kwa hiyo "I am going to work every day" inamgutua msomaji wakati ulitaka kueleza mazoea tu. Tumia umbo la "hu-" kama kipimo. Ikiwa sentensi yako inaweza kusemwa kwa "hu-", kama "huenda kazini kila siku", basi kwa Kiingereza ni "I go to work every day", bila "am" na bila "-ing".

Usitangulize kihusishi. Tumezoea kusikia "katika kila siku" au "kwa kila siku", tukaandika "in every day" na "on every day". Kwa mazoea ya kawaida Kiingereza husema "every day" bila kitu mbele yake. Wala usiiweke kati ya kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa. "I drink every day tea" si mpangilio wa Kiingereza, na ukiunganisha, "I drink everyday tea", umesema kwamba unakunywa chai ya kawaida, jambo ambalo pengine ni kweli lakini silo ulilokusudia. Andika "I drink tea every day" au "Every day I drink tea".

Mwisho katika orodha hii ni ritifaa, yaani alama ya ' inayotangulia "s" ya umiliki. "Everyday's life" ni kosa, kwa sababu kivumishi hakimiliki kitu. "Every day's work" ni sahihi, kwa kuwa hapo "day" ni nomino inayomiliki, lakini ni muundo wa nadra, na mwandishi anayeanza hapotezi kitu akiukwepa.

Ndugu za neno hili

Ukishazoea, utakutana na jozi nyingine zinazotenganishwa na nafasi moja. "Everyone" ni watu wote, lakini "every one of the books" ni kila kimoja katika vitabu hivyo, na "of" inayofuata ndiyo dalili ya kutenganisha. "Maybe" ni "labda", na "may be" ni "inaweza kuwa". "Login" ni jina la tendo au la taarifa za kuingilia kwenye mfumo, na "log in" ni kitenzi chenyewe cha kuingia. A-unganifu haitakusaidia katika jozi hizi. Kinachosaidia ni kuuliza neno linafanya kazi gani katika sentensi, na kila jozi ina tabia yake.

Ukikwama

Majaribio yanapopingana, ipe hatua ya pili uzito kuliko zote, isipokuwa pale hatua ya sita inapokupeleka kwenye "daily". Ikiwa bado huna uhakika, kwepa neno lenyewe: "each day" inaweza kushika nafasi ya "every day" mara nyingi, na "ordinary" inaweza kushika nafasi ya "everyday". Sentensi isipoharibika kwa "each day", andika maneno mawili. Isipoharibika kwa "ordinary", andika moja.

Kamusi yako ikikuonyesha "everyday" kama nomino, haijakosea. Yapo matumizi kama "the everyday", yenye maana ya mambo ya kawaida ya maisha, na hapo neno huungana hata likiwa mwishoni mwa sentensi. Dalili yake ni hiyo "the" iliyotangulia. Hutalihitaji sana, lakini ukilikuta usilisahihishe.

Simu inayokuunganishia maneno yenyewe unapoandika haraka inatabiri kwa mazoea tu. Futa pendekezo lake, andika "every", bonyeza nafasi, kisha "day". Baadhi ya simu hujifunza uchaguzi wako baada ya kurudia mara kadhaa. Maandishi yote kwa herufi kubwa, kama kwenye bango, hayabadilishi kanuni: "OPEN EVERY DAY".

Na ukikuta "every-day" yenye kistari katika kitabu cha karne ya 19, fahamu kwamba ni tahajia ya zamani ya kivumishi hichohicho, kama vile "today" ilivyokuwa ikiandikwa "to-day" hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Ukimnukuu mwandishi huyo, kiache kistari chake; katika sentensi yako mwenyewe, kiondoe.